Chokaa, Boriti na Upepo: Historia ya Chumba cha Pwani

Upana wa chumba cha kale katika pwani ya Afrika Mashariki uliamuliwa na mti wa mkoko. Boriti iliyokatwa katika matope ya Rufiji au ya visiwa vya Lamu haikuweza kubeba dari la mawe na chokaa kwa upana uliozidi mita mbili na nusu au tatu hivi. Kwa sababu hiyo vyumba vikawa vyembamba na virefu, na utaratibu mzima wa maisha ya ndani ukafuata umbo hilo: mahali pa kulala, pa kupokea wageni, pa kupika na pa kuoga. Siku hizi watu wengi wanatafuta vyumba visivyodhuru afya wala mazingira, na mara nyingi wanaelekezwa kwenye bidhaa mpya za madukani. Ni vyema kwanza kujua pwani hii ilijenga nini kwa zaidi ya miaka elfu moja, iliacha nini, na iliacha kwa sababu zipi.

Ushahidi wa kale tulio nao ni wa udongo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alifanya uchimbuzi kati ya mwaka 1980 na 1988, akafukua tabaka za makazi yaliyoanza katika karne ya 8. Nyumba za mwanzo zilikuwa za miti na udongo: nguzo zilizochimbiwa ardhini, fito zilizofungwa kwa kamba, udongo uliokandikwa pande zote mbili. Nyumba ya aina hiyo haijapata kutoweka, na katika vijiji vingi kuanzia Kismayu hadi Kilwa ingali ikisimama. Ukuta wake hunywa unyevu wa usiku na kuutoa mchana, paa lake la makuti huruhusu hewa ya moto kupenya na kutoka, na siku nyumba inapobomoka, kila kilichoijenga hurudi ardhini. Lakini tusiipambe kupita kiasi. Mchwa walikula nguzo, panya na kunguni walipata pa kujificha katika nyufa, masika yalimomonyoa kuta, na cheche moja iliweza kuteketeza mtaa mzima. Afya ya nyumba ya udongo ilidumu kwa sababu watu waliikandika upya kila mwaka. Palipokosekana mkono wa kukandika, nayo iliugua.

Tayari katika zama hizo miti ya pwani ilikuwa ikivuka bahari. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari kubwa ya Ghuba ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa mbao zilizoletwa kutoka nchi ya Zanji, yaani pwani hii. Msitu wa pwani hii, basi, ulishakuwa dari la watu wa mbali kabla haujawa dari la majumba ya mawe ya kwetu.

Mawe yalianza kwa nyumba za ibada. Kuanzia karne ya 10 mafundi walikata matumbawe kutoka baharini yangali mabichi, maana yakiwa mabichi huchongeka kwa shoka na yakikaa hewani huwa magumu. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kwa kuta nene walitumia mawe ya kuchimbwa ardhini, na matumbawe laini wakayaweka kwenye mihirabu, fremu za milango na vidaka. Kilichoshika vyote pamoja kilikuwa chokaa.

Chokaa hiyo yahitaji kutazamwa kwa karibu. Magogo yalipangwa duara, tabaka juu ya tabaka, vipande vya matumbawe vikamwagwa juu yake, kisha tanuri likawashwa. Kilichobaki kilikuwa unga mweupe uliomwagiwa maji au kuachiwa mvua, ukafukiwa shimoni, ukakaa miezi mingi hadi uwe laini kama siagi. Chokaa iliyopakwa ukutani huwa jiwe tena polepole, kwa kuvuta hewa ya ukaa iliyo chumbani. Kwa asili yake ni kali kwa ukungu na vijidudu, na vinyweleo vyake huruhusu unyevu kutoka. Wazee walipopaka upya chokaa kabla ya sikukuu au baada ya ugonjwa nyumbani, walifanya jambo ambalo maabara baadaye zilikuja kulieleza kwa maneno mengine. Hata hivyo tanuri lilikula magogo mengi, na mwamba wa matumbawe ni kiumbe hai kinachokua taratibu mno. Chumba cheupe kilikuwa na deni lake msituni na baharini tangu siku ya kwanza.

Karne ya 14 ndiyo iliyoonyesha jinsi mawe na udongo vilivyoishi bega kwa bega. Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa alijenga jumba la Husuni Kubwa kwenye jabali linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, katika zama za sultani huyo, na aliyoyaandika juu ya mji ni kwamba nyumba zake zilikuwa za miti. Wasomi wamejadili sana kauli hiyo, kwa kuwa Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwapo. Kwa maoni yangu haina fumbo kubwa: katika mji tajiri kuliko yote ya pwani, wakazi wengi bado waliishi katika nyumba za fito na udongo, na msafiri aliandika alichokiona zaidi. Hali hiyo haijabadilika sana tangu wakati huo. Historia ya chumba cha mawe ni historia ya wachache.

Kati ya karne ya 14 na 16 nyumba ya mawe ilikamilika kama mfumo wa afya. Gedi, mji ulio msituni karibu na Malindi ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na Songo Mnara karibu na Kilwa, zinatuonyesha mpango wenyewe. Kila nyumba kubwa ilikuwa na kiwanda chake, yaani ua uliozungukwa na kuta, ukiwa wazi juu ili hewa na mwanga viingie bila jicho la mpita njia. Vyoo vya shimo vilijengwa kwa mawe, na kando yake mahali pa kutawadhia. Sharti la twahara liliingiza maji ndani ya nyumba karne nyingi kabla miji mingi ya Ulaya haijafikiria jambo hilo. Udhaifu ulikuwa kwenye visima vya mijini, ambavyo mara nyingi havikuwa mbali na mashimo ya vyoo, na tutaona baadaye jinsi udhaifu huo ulivyogharimu roho za watu.

Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliipora Kilwa na kuichoma moto Mombasa, na miji ya kusini haikurudi tena katika hadhi yake. Ujenzi mkubwa ukahamia kaskazini, katika funguvisiwa la Lamu, na huko, hasa katika karne ya 18, sanaa ya chumba ilifikia kilele chake.

Mgeni aliyefika nyumba ya muungwana wa Lamu wakati huo alianzia dakani, kwenye viti vya mawe vya mlangoni, akapita tekani, pale ukuta ulipopinda ili jicho lisifike ndani, akatokea kwenye kiwanda. Mbele ya kiwanda palikuwa na msana, ukumbi uliofunguka kwenye ua huo, na nyuma ya msana chumba kingine, na mwisho kabisa ndani, chumba cha mwanamke mwenye nyumba. Kadiri mtu alivyoingia, ndivyo mwanga ulivyopungua na baridi ilivyoongezeka. Kuta za nusu mita na zaidi zilichelewesha joto la mchana hadi jioni, wakati watu walipopanda juu kupunga upepo wa bahari. Jiko lilikuwa juu pia, chini ya paa la makuti, moshi ukaenda zake bila kupita penye watoto waliolala. Katika historia yote ya makazi ya pwani sijui uamuzi mmoja uliookoa mapafu mengi kuliko huo, na ndio uliosahauliwa haraka zaidi.

Chooni kulikuwa na birika la mawe lililopakwa chokaa laini. Ndani ya maji yake walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini, kwenye sakafu ya birika, lilizikwa bakuli la kaure ya China. Maji yalipopungua au birika liliposafishwa, samaki walikusanyika bakulini wakaendelea kuishi. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba mbu hubeba malaria. Jambo hilo lilithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897 tu. Lakini watu wa Lamu walijua kwamba maji yaliyosimama ndani ya nyumba yanahitaji mlinzi, nao wakampa makazi.

Ukuta wa ndani ulijaa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vilivyochongwa katika chokaa, vikiwekwa kaure, vitabu na vyetezo. Zidaka zilifanya kazi ya kabati, zikavunja kiza cha chumba kisicho na dirisha, na hazikuongeza kijiti kimoja cha samani. Vyombo vingine vilikuwa vichache: kitanda cha kamba, mkeka wa ukindu, jamvi la miyaa, kasha la mbao. Vyote viliweza kubebwa nje, kukung'utwa na kuanikwa juani. Harufu ya nyumba ilitoka kwa asumini, udi na ubani. Hapo napo pana la kusemwa: moshi wa udi ni moshi, na katika chumba chenye tundu moja la hewa haukuwa na faida kwa mapafu ya aliyelala humo.

Lakini ni nani aliyekata boriti, akachoma matumbawe, akapandisha maji kwa ngazi? Kwa sehemu kubwa walikuwa watumwa. Katika nyumba nyingi za ghorofa za Lamu watumwa waliishi chini, penye hewa kidogo na unyevu zaidi, na waungwana juu, penye upepo. Afya ya chumba cha juu ilisimama juu ya mabega ya walio chini. Anayeisifu nyumba hiyo leo bila kulisema hilo anasifu nusu ya nyumba.

Karne ya 19 ilikuwa ya Unguja. Baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake huko, karafuu, pembe na biashara ya watumwa vilijaza mji wa mawe nyumba mpya. Waomani walileta majumba yenye ua wa katikati, Wahindi wakaleta maduka yenye makazi juu yake, na roshani za mbao zikaelekezwa barabarani. Binti wa Sayyid Said, Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 kwa Kijerumani. Humo anaeleza kuta zenye vishubaka vilivyojaa vioo na kaure, vioo vikubwa vya kujitazamia, na saa za kila namna. Mpango wa ukuta ulikuwa ule ule wa kale, ila vilivyowekwa juu yake sasa vilitoka Ulaya na Marekani. Chumba kilianza kujaa.

Na mji ulianza kubanana. Kipindupindu kiliingia mara kadhaa, na mlipuko wa 1869 hadi 1870 ulikuwa wa kutisha. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, aliandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1876. Maji ya visima ndani ya mji, yaliyokaribiana na mashimo ya vyoo, yalikuwa hatari ambayo kuta nzuri hazikuweza kuizuia. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta maji ya chemchemi mjini kwa mabomba. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu, kwa nguzo za chuma zilizoagizwa nje. Mabomba na chuma ni matokeo ya zama moja, na nadhani watu wameikumbuka nyumba ya maajabu kuliko maji, ingawa maji ndiyo yaliyookoa wengi.

Ukoloni ulifanya afya kuwa sheria, na sheria ikawa mpaka. Kanuni ya ujenzi ya Dar es Salaam ya mwaka 1891, chini ya Wajerumani, iligawa mji kwa aina ya nyumba, na Waingereza waliendeleza mgawanyo huo hadi ukazaa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni kulikuwa na baraza pana, dari refu na wavu wa mbu, vitu vilivyoiga hekima ya kale ya kivuli na upepo. Uswahilini ikasambaa nyumba ambayo hadi leo tunaiita ya Kiswahili: kibaraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko, choo na bafu. Ni mpango mzuri. Unatenga moshi na vyumba vya kulala, unawapa wanawake nafasi ya kazi nje, na unapitisha upepo kutoka mlango hadi ua. Uliharibiwa na kodi za vyumba: familia nzima katika chumba kimoja chenye dirisha dogo, sita chini ya paa moja, na ua ukajengwa vibanda.

Paa nalo likabadilika. Makuti yaliacha nafasi kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyobondwa bapa, kisha kwa mabati ya migongo. Mabati yalizuia moto na mvua, yakadumu, yakakinga maji ya kunywa. Watu walikuwa na haki ya kuyapenda. Lakini yaliteremsha joto la jua moja kwa moja vichwani mwa waliokuwa chini, na kwa mara ya kwanza katika historia ya pwani chumba cha maskini kikawa cha moto kuliko kivuli cha mwembe. Wakati huo huo boriti ziliendelea kwenda Ghuba. Mwaka 1939 baharia na mwandishi Alan Villiers, akisafiri na jahazi la Kuwait, alishuhudia mabaharia wakipakia miti katika delta ya Rufiji kwa ajili ya nyumba za kwao.

Kisha ikaja saruji. Mwingereza Joseph Aspdin alikuwa ameipatia hataza mwaka 1824, lakini kwa pwani hii zama zake zinaanza na viwanda: Bamburi karibu na Mombasa kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, na Wazo Hill nje ya Dar es Salaam mwaka 1966. Uhuru ulikuja pamoja na ahadi ya nyumba bora, na nyumba bora ilieleweka kuwa ya tofali la saruji na bati. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika tathmini yake ya mwaka 1977 ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamikia kwa ukali watu waliokataa tofali la kuchoma na vigae wakasubiri saruji na bati. Malalamiko yake hayakubadilisha mengi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma, ilifanikiwa zaidi, kwa sababu ilimwambia mtu achimbe choo, afyeke nyasi na aondoe madimbwi kwa mikono yake mwenyewe.

Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, majumba mengi ya mji wa mawe yalitaifishwa, na nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja ikagawiwa familia nyingi. Majiko na mabafu yakabanwa ndani ya ua wa katikati. Maji yakavuja kutani. Nyufa zilipotokea, mafundi waliziziba kwa kilichopatikana, yaani saruji. Madhara yake hayaonekani mwaka wa kwanza. Ukuta wa mawe na chokaa hufyonza unyevu na chumvi kutoka ardhini, na chokaa huviachia vitoke. Saruji huvifungia, navyo hupanda juu zaidi, ukungu ukachafua chumba, ncha za boriti zikaoza ndani ya ukuta, na hatimaye dari likashuka. Ndivyo nyumba zilizosimama zaidi ya karne moja zilivyoanza kuanguka katika miaka ishirini.

Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe, yaani huo mji wa mawe wa Unguja, na mafundi wakaanza kufundishwa tena kazi ya chokaa. UNESCO iliuweka mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Heshima hizo hazikuwa kinga: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Huko Kenya, usafirishaji wa boriti nje ya nchi ulipigwa marufuku mwaka 1982, maana mikoko ilikuwa ikiisha.

Chumba cha sasa cha mjini kimejengwa na historia hii yote. Ni cha tofali la saruji chini ya bati, kina silingibodi au jipsamu, marumaru sakafuni, na dirisha la aluminiamu la kuteleza ambalo, hata likifunguliwa lote, huacha wazi nusu tu ya upana wake. Joto linaingia, upepo hauingii, na mwenye uwezo ananunua kiyoyozi. Kabati na kitanda ni vya mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi inayotoa formaldehidi, kemikali ambayo wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani aliiweka mwaka 2004 miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Rangi za mafuta zimebeba risasi kwa muda mrefu, madini ambayo Shirika la Afya Duniani linasema hayana kiwango salama kwa mtoto. Na jiko la mkaa limeingia ukumbini, kwenye korido ya vyumba vya kupanga. Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuifikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Ukisomwa katika historia ya nyumba, ni jaribio la kuurudisha nje moshi ambao Lamu iliutoa katika karne ya 18.

Wako wanaojenga upya kwa misingi ya zamani: matofali ya matundu juu ya madirisha, baraza pana, ua uliobaki wazi, ukuta wa chokaa au udongo uliochanganywa na chokaa, mikeka ya ukindu badala ya zulia la plastiki. Boriti nazo zimepata mbadala katika mvinje, unaopandwa Unguja, Kwale na Kilifi. Ni mti ule ule ambao René Haller aliutumia kuanzia mwaka 1971 kuotesha upya machimbo ya saruji ya Bamburi. Mvinje hukua haraka lakini hauhimili wadudu kama mkoko, hivyo hutiwa dawa kabla ya kujengwa, na dawa ikichaguliwa vibaya sumu iliyofukuzwa kwenye rangi inarudi kupitia dari. Chokaa ya kuchomwa kwa mawe ya bara, kama ya Tanga, huyaacha matumbawe baharini, ingawa bado yahitaji moto mkubwa. Inahitaji pia muda shimoni, na hapo ndipo miradi mingi inapokwama: mjenzi mwenye mkopo wa benki hawezi kungoja miezi ili chokaa iive, kwa hiyo huongeza saruji kwenye mchanganyiko, kazi ikaisha kabla ya masika, na fundi aliyefundishwa vizuri akaamriwa kupiga lipu ambayo anajua haitaachia unyevu.